Si Uji Uliokuchoma Mguu

Kavira wangu,

Si uji uliokuchoma mguu. Naanza na hilo kabla ya salamu, ili nisipate njia ya kurudi nyuma. Miaka yote hii ukiniuliza kuhusu kovu la kifundo chako cha kushoto, lile lenye umbo la jani la haragwe, nimekujibu uji. Wewe nawe umewajibu wenzako uji, na bibi yako amekufa akiamini uji. Nilikudanganya. Kesho unapanda gari la kwenda Kalengera kufunga batri kwenye chumba cha kuzalishia akina mama, na sitaki uziinamie batri zile huku bado unaamini kwamba sufuria ndiyo ilikuunguza.

Sasa hivi umeenda kuaga wenzako wa kwaya. Nyumba imenyamaza, jua bado linapiga mabati, na nimekaa mezani pako pa kusomea. Mambo ya sabuni, blanketi na dawa ya malaria mama yako mdogo amekuhubiria tangu Jumapili, siyarudii. Nimesoma mpaka la sita primeri tu, unajua, kwa hiyo makosa ya kuandika utayasahihisha mwenyewe kichwani unaposoma.

Naogopa vitu viwili. Naogopa kwamba ukijua nilikudanganya hili, utakaa kule mbali ujiulize ni mangapi mengine. Na naogopa usipojua. Nimezipima hofu hizi mbili wiki nzima, kila asubuhi kabla ya misa, na ile ya pili imekuwa nzito zaidi.

Basi nisikilize.

Baba yako unamjua kwa picha. Alikuwa anaendesha lori la maharage na viazi, Butembo na Goma, Goma na Butembo. Vita vilipokata barabara ya Rutshuru, lori likakwama kwenye mstari wa magari, risasi zikapita, likaungua. Wiki nzima sikujua kama yu hai. Halafu asubuhi moja nikamwona anapanda njia yetu hapa Mapendo, Goma, akisukuma chukudu ya kuazima, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, vumbi jeusi mpaka kwenye kope, na juu ya chukudu kumefungwa batri mbili za lori kwa mpira wa tairi.

Nililia, halafu nikakasirika. Nikamwambia, "Lori umeacha, na umetuletea mawe mawili?"

Akacheka, baba yako yule. Akasema, "Mama, lori ilikuwa mwili. Hii njo roho."

Sikumwelewa. Hakukaa sana. Alirudi Butembo kwa njia ya kuzunguka kutafuta kazi, ugonjwa ukamkuta huko, tukapata habari wakati wewe hujaanza hata kutambaa. Mungu ampumzishe. Nikabaki na wewe mgongoni, na masanduku mawili meusi pembeni ya kitanda, ambayo sikujua yanakula nini wala yanazaa nini.

Ndipo nilipokwenda kwa muzee Paluku. Wewe humkumbuki. Alikuwa fundi wa umeme wa magari, na karakana yake ilikuwa mbao tupu zilizosimamishwa juu ya mawe ya volkano. Mlangoni palikuwa na msumari, na kwenye msumari palining'inia kopo la maziwa ya unga, la zamani, lenye kutu ukingoni. Kila aliyetaka kuingia alivua saa, pete, bangili, mkufu, funguo za kiunoni, akatia ndani ya kopo. Hata madereva wakubwa. Walikuwa wanamtania.

"Muzee, leo iko Jumapili? Unakusanya sadaka?"

"Ndiyo," anajibu bila kuinua kichwa. "Sadaka ni vidole yenu. Mumeingia na kumi, ninataka mutoke na kumi."

Nilimwambia nataka kujifunza kuchaji simu za watu kwa batri za marehemu mume wangu. Aliniangalia, akakuangalia wewe mgongoni. Akatoka nje na batri moja, akaiweka juu ya jiwe, akaifuta kwa kitambaa mpaka ikakauka. Akaniambia niweke mkono mmoja kwenye kichwa chekundu, mwingine kwenye kichwa cheusi. Plus na moins, chanya na hasi, kama mlivyofundishwa.

Nilifumba macho, Kavira. Nilisali sala ya haraka, nikaweka.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, muzee."

"Hakuna hata ka kuwasha?"

"Hakuna."

"Muzuri. Sasa kaa mbali."

Akavaa miwani yake ya kuchomelea, akashika waya mwembamba wa chuma kwa koleo lenye mipini ya mpira, akaulaza juu ya vile vichwa viwili. Ule waya ulikuwa mweusi. Sijamaliza kupumua, ukawa mwekundu. Halafu mweupe, mweupe wa jua. Halafu haukuwepo. Matone yake yalidondoka juu ya mawe yakilia *tss, tss*, na ukimya ukarudi kama hakuna kilichotokea.

Ni kitu kilekile, Kavira, dakika ileile. Kile kilichokuwa kimelala chini ya viganja vyangu kama kondoo, ndicho kilichokula chuma. Nilitazama mikono yangu, nikaitazama batri, nikasema kwa sauti "Nyamuhanga," jina la Mungu kama mama yangu alivyoliita kule milimani, na sikulisema kwa mazoea. Nilihisi ninachohisi wakati padri anapoinua hostia. Sijui kama ni dhambi kulinganisha hivyo. Wewe umesoma, utaniambia. Lakini nilielewa siku ile kwamba nguvu inaweza kukaa kimya kabisa, isikutishe, isikuguse, na isiwe imepungua hata kidogo.

Muzee akasema, "Umeme wa ukutani unakuuma weye. Hii ya batri haikuumi. Inachoma ile kitu umevaa. Batu banasema ni volti kumi na mbili, ni ya kuchezea. Bale njo banakuja hapa bamefunga kidole na kitambaa."

Halafu akaonyesha kopo.

Nilivua pete yangu ya ndoa, nikatia. Nilivua saa. Akabaki amesimama, kidole kinaelekea shingoni mwangu.

Nilikuwa navaa rozari. Ile ya mama yangu, aliyonipa siku ya kipaimara: shanga za mti mweusi, zimeunganishwa kwa mnyororo mwembamba wa chuma, na msalaba wa chuma. Sikuwahi kuivua. Nilioga nayo, nilijifungua wewe nayo, nilimlilia baba yako nayo.

Nikamwambia, "Muzee, hii hapana. Siwezi kuvua Bikira Maria kwa sababu ya batri."

"Mama, Bikira Maria hana matata. Ile chuma njo iko na matata."

"Inanilinda."

"Inakulinda kwa shetani. Batri si shetani. Batri haijue kusali."

Madereva wakacheka, mimi nikapandisha kiburi. Nilikiita imani, lakini kilikuwa kiburi, nakwambia leo baada ya miaka mingi ya kukichunguza. Niliona kwamba kuivua ni kama kumwambia Mungu mbele ya watu, kaa hapo kwenye kopo la maziwa, nitakuchukua nikitoka. Muzee hakubishana. Alisema tu kwamba nisipovua, sigusi. Siku tatu nikafagia karakana na kutazama kutoka mlangoni. Siku ya nne nikafanya ujanja: niliitelemsha rozari ndani ya blauzi, nikafunga kifungo cha juu, nikaingia. Hakuiona. Au aliona akaamua kuniamini, jambo ambalo ni baya zaidi. Unaona, kabla sijakudanganya wewe, nilishamdanganya yule muzee.

Alinifundisha miezi miwili. Sitakuandikia yote, kwa kuwa wewe unayajua na majina yake ya kitabuni. Lakini nataka ujue nani aliyenipa mimi, ili siku moja useme nasabu yake kama tunavyosema nasabu ya watu. Kutoa waya mweusi kwanza, na kuurudisha wa mwisho, ili ufunguo wa kukazia nati ukiteleza usikute mlango wazi. Kuviringishia ufunguo mpira wa baiskeli mpaka ibaki ncha tu. Kuweka fizibu, ile fyuzi, karibu kabisa na batri; alikuwa anaiita "yule ndugu anayekubali kufa wa kwanza." Kutoziba pumzi ya batri inapochajiwa: "Inapojaa inapumua, na pumzi yake ni moto bila moshi, unangoja cheche tu." Na bidoni ya maji, lile dumu la plastiki, imejaa, pembeni, kila siku, hata kama nyumba nzima ina kiu. Hiyo ya maji aliirudia mpaka nikachoka. Wewe unajua maji hapa kwetu. Ziwa tunaliona, lakini kulileta nyumbani ni shingo ya mtu.

Nikafungua kazi yangu katika chumba cha mbele, hiki ambacho leo ndiyo sebule. Paneli moja ya jua juu ya mabati, batri mbili chini ya meza, simu juu ya meza. Kila simu nilikuwa naifunga kipande cha kartoni chenye namba, na mwenyewe anashika kipande chenye namba hiyohiyo.

Halafu vita vikasogea tena, na watu wakashuka. Kutoka Rutshuru, kutoka Kibumba, magodoro kichwani, mbuzi kwa kamba, watoto wamefungwa mkono kwa mkono ili wasipotee. Wakajaa kwenye viwanja vya shule na parokia. Ukidhani mtu aliyekimbia atatafuta kwanza chakula, hujaona. Walikuja mezani kwangu na simu zimezimika wamezikumbatia kama vifaranga. Mzee mmoja alinipa simu yake akasema, "Mama, ndani ya hii mumo bibi yangu." Nilikuwa nachaji sauti za watu, Kavira. Nilikuwa nikizitazama zile taa ndogo zinawaka moja baada ya nyingine juu ya meza, na chini yake masanduku yale mawili yamenyamaza, na nikaelewa kwa nini baba yako aliyaita roho.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, jua kali. Mlangoni palijaa watu, mikono inaingia dirishani, simu moja ikaibiwa. Nikaogopa. Nikafunga dirisha, nikaning'iniza kitenge mlangoni, nikabaki ndani na batri zinazochemka. Nilikuwa nazisikia zinavyotoa mapovu, na chumba kilikuwa na ile harufu inayokwaruza koo. Nilijua. Muzee alikuwa amenifundisha. Lakini nilikuwa na haraka, na haraka ina sauti kubwa kuliko mwalimu. Na bidoni ya maji ilikuwa tupu. Asubuhi ile nilikuwa nimefua nguo za kwendea misa.

Waya mmoja ulilegea. Nikainama kuukaza, wewe uko mgongoni, kitenge kimekaza kifua, na ule ukazaji ukafungua kifungo cha blauzi. Wakati huohuo sauti ya mwanamke ikaita nyuma ya pazia:

"Mama Kavira! Yangu namba kumi na saba, imejaa?"

Nikageuza uso kumjibu. Ndiyo maana leo nina macho ya kukuandikia.

Rozari ilitoka, ikalala juu ya batri. Msalaba kwenye kichwa chekundu, mnyororo kwenye cheusi. Niliisikia shingoni kabla ya kuiona, kama mtu amenivisha mkufu wa makaa. Ikakatika kwa cheche, na ile cheche ikakuta pumzi. Mlio wake ulikuwa mfupi, kama bomu dogo. Nje watu walilala chini wote. Walidhani vita vimefika Mapendo. Kifuniko cha batri kilipasuka, na asidi ikaruka. Mimi ilinipata shingoni na mikononi. Lakini wewe miguu yako ilikuwa imetoka pembeni ya kiuno changu, kama miguu ya kila mtoto anayebebwa na mama yake, na wa kushoto ndio ulipata.

Ulilia kilio ambacho sijakisikia tena, na namwomba Mungu nisikisikie.

Nikazunguka mle ndani kama kuku. Nikashika bidoni, tupu. Nikashika kitambaa, nikataka kukufuta. Pazia likang'oka, akaingia yule mwanamke. Mrefu, mwembamba, kitambaa cha kichwa cha kijani, na mgongoni amebeba bidoni ya maji kwa kamba ya paji la uso. Lita ishirini. Alikuwa anatoka ziwani. Alikuwa amepanga foleni tangu alfajiri, na kule kwenye kiwanja cha shule watoto wake walikuwa wanangoja maji yale wapikiwe.

"Usifute!" akapiga kelele. "Toa mutoto! Toa mutoto ku mugongo!"

Mikono yangu haikufungua fundo. Alilifungua yeye. Akakulaza kwenye mapaja yake pale mlangoni, akang'oa kizibo kwa meno, akamimina juu ya mguu wako. Sikumwelewa alivyokuwa anamimina. Mtu mwenye hofu angemwaga yote mara moja. Yeye alimimina polepole, mfululizo, kama anayebatiza, na alikuwa anazungumza na wewe, "Pole, mukubwa. Pole, mukubwa. Inaisha." Watu wakatazama maji yale yanavyoingia kwenye mawe. Kila mtu pale alijua bei yake kwa shingo yake mwenyewe. Bibi mmoja akanong'ona, "Achia batoto kidogo." Hakubakiza. Ulipopunguza kilio, akaniita mimi, akanimiminia shingoni yaliyobaki mpaka tone la mwisho, akaipindua bidoni na kuigonga kitako kama tunavyogonga chupa ya mafuta.

Muuguzi wa dispensari baadaye aliutazama mguu wako akauliza nani alikuwa na akili ya kuleta maji haraka hivyo, kwa sababu bila yale, alisema, asidi ingeshuka mpaka kwenye mfupa. Ungetembea kwa gongo, Kavira. Wewe uliyecheza mbele ya altare siku ya Mavuno.

Lakini nataka nikwambie kilichotokea kabla ya dispensari. Yule mama alisimama, ameloa, bidoni tupu mkononi, akaniuliza kwa aibu kama mtu anayeomba chumvi, "Na simu yangu?"

Simu zilikuwa zimesalimika juu ya meza. Namba kumi na saba ilikuwa na mstari mmoja na nusu wa chaji. Nikampa. Akapiga palepale mlangoni. Alikuwa ameniambia siku mbili kabla kwamba nyumbani kwao ni Kalengera, na mwanawe mkubwa alirudi kuchukua mbuzi, hajaonekana tena. Simu ikaita muda mrefu. Halafu akasema neno moja.

"Uko?"

Na ndani ya kile kisimu, nami nimesimama karibu nikasikia, sauti ya kijana ikajibu:

"Niko."

Basi. Yule mama alikaa chini kwenye mawe yaliyoloa, akafunika uso.

Mimi nilikuwa na wewe mikononi, shingo inaniungua, na nilitazama chini ya meza, kwenye ile batri iliyobaki nzima. Ile iliyomchoma mwanangu na ile iliyomrudishia mwenzangu wa kwake zilikuwa zimekaa bega kwa bega, zimefungwa waya mmoja. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Nimesikiliza mahubiri mengi maishani, na mazuri, lakini mimi Mungu alinihubiria siku ile, na nusu ya mahubiri sijaielewa mpaka leo.

Akaondoka na bidoni yake kurudi kwenye foleni ya maji. Nilikukimbiza dispensari. Jumatatu nilipokwenda kwenye kiwanja cha shule kumtafuta, walikuwa wamehamishwa. Sikuwa na jina. Nilikuwa na kartoni tu, kumi na saba.

Sasa uji. Bibi yako, mama wa baba yako, alikuja jioni ile akakuta bendeji. Akauliza. Nilijua nikisema batri atazitupa zote, ile iliyopasuka na ile nzima, na hatutakula. Nikasema uji. Neno likatoka jepesi. Kesho yake nikawaambia majirani uji. Ulipoanza kuuliza, nikakwambia uji. Nikajisemea, ni neno dogo, halina madhara.

Lakini wewe ulikataa uji mpaka darasa la nne. Umesahau? Ulikuwa ukiona kikombe kinatoa mvuke unaficha miguu chini ya kiti. Kwenye harusi ya mama yako mdogo ulilia watu wote wakageuka, kwa sababu mtu alipita na sufuria. Uji wa watu haukuwa na kosa. Mimi nilikutazama unaogopa kitu kisicho na hatia, na kwenye chumba cha pili ulikuwa unatambaa juu ya batri bila hofu hata chembe, unazipanda kama farasi. Hapo ningeweza kusema ukweli. Nilikuita tu, "Shuka, kuna baridi." Hiyo ndiyo inaniuma kuliko shingo. Nilikupa hofu ya uongo, nikakunyima ya kweli.

Muzee Paluku alikuja kuniona. Nilimngoja aseme "nilikuambia." Alipiga magoti akaokota shanga za rozari sakafuni, moja moja, akaziosha kwa maji ya magadi, akazihesabu. Hamsini na nne. Tano hatukuziona. Akasema, "Angalia, Mama Kavira. Mti haukuungua. Ni chuma tu." Nikalia, nikamwambia niliificha ndani ya blauzi. Akasema, "Nilijua siku ya nne. Nilisema, huyu anasali sana, ataivua mwenyewe." Akanitilia shanga kiganjani. Halafu akasema, "Kosa letu wawili." Alipokuwa karibu kufa, watoto wake waligawana vyombo. Mimi nilituma niombewe kopo.

Kuivua, mwanangu, si kumkana Mungu. Ilinichukua muda kuelewa. Musa aliambiwa avue viatu, naye hakusema vinanilinda. Ukisimama mbele ya kitu kikubwa, unavua. Ndiyo heshima yenyewe. Nilichokiita kopo la maziwa, muzee alikuwa amekifanya mlango wa kanisa.

Nimekuona wiki iliyopita ukifanya mazoezi kwenye meza ya huyo mwalimu wenu. Nilisimama nje, hukuniona. Umevaa miwani, nywele umefunga, umeshika kipimo, ukapima, ukasubiri, ukapima tena kabla ya kugusa. Mkono wako haukuwa na haraka. Nikasema moyoni, huyu amejifunza kwa nani utulivu huu? Si kwangu. Halafu nikakumbuka nani aliyekushika ukiwa mdogo, alivyokuwa anamimina.

Kwenye begi lako, chini ya masweta, utakuta kopo. Usicheke kutu yake. Ndani mna rozari. Ni shanga zilezile, na tano mpya za mti, nimezifunga kwa uzi wa nailoni, na msalaba wa mti nimeuchonga mwenyewe, umepinda kidogo. Haina chuma hata cha sindano. Na bado, ukifika mbele ya batri, uivue, uitie ndani ya kopo na saa yako. Hata kama uzi hauna hatia. Mkono uzoee kuvua, ili siku utakapokuwa na pete ya mtu kidoleni usianze kubishana nayo kama mimi. Mna pia kipande cha kartoni chenye namba kumi na saba. Sikutumi umtafute. Kalengera ina watu, na vita vimewachanganya watu kama maharage. Lakini watoto watazaliwa kwenye ile taa utakayoiwasha, na mama zao ni wa kule.

Ukifika, kabla hujafungua sanduku la vyombo, uliza maji yako wapi, ujaze bidoni, uiweke pembeni. Ukimaliza kazi na haikutumika, mpe mtu wa kwanza atakayepita na kiu.

Na ukivua viatu jioni, mtu akaona mguu wako akakuuliza, usiseme tena uji. Mwambie hapo ndipo mama mmoja wa Kalengera alipomimina maji ya watoto wake, yote.

Mimi mama yako,
niliyekubeba mgongoni siku ile.